Kivinjari cha Nyumba ya Eda

"Kasasishe kwenu," Siwema aliniambia, akaweka mguu kwenye upenyo wa mlango nisije nikadhani anatania.

Nilikuwa nimesimama kibarazani kwa marehemu kaka yake, begi la kazi begani, jua la saa saba linanichoma kisogo. Shikamoo yangu ya kwanza hakuiitikia. Nikampa ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu jirani wa mbele alishatoa kichwa dirishani na nilitaka awe shahidi kwamba adabu haikunipungukia mimi.

"Dada Siwema, kivinjari cha humu ndani kina tundu. Mtaa mzima umeshazibwa, imebaki nyumba hii. Nipe muda wa kunywa chai tu, nimalize, niondoke."

"Nyumba hii ina mjane. Mjane yuko eda. Eda ikiisha njoo na sasisho lako, ukitaka njoo na tarumbeta kabisa."

"Eda ina miezi zaidi ya miwili mbele. Wezi hawahesabu eda."

"Wewe si mwizi, na bado uko mlangoni kwangu unasukuma. Nenda, Somoe."

Akafunga. Mlango wenyewe ukasema kwa ule upole wake wa kutengenezwa, "Mwenye nyumba hapokei wageni kwa sasa. Ahsante kwa rambirambi zako." Niliutazama mlango ule kwa hasira ambayo haikuwa ya mlango.

Mtu wa mbali akisikia habari hii atadhani sisi watu wa Mnarani ni wajinga, na siku ile ningemwunga mkono. Lakini jambo lina chanzo chake. Kampuni iliyotuuzia vivinjari vya nyumba ilikuwa na tabia ya kuleta kila sasisho kwa shamrashamra. Unaamka asubuhi, ukuta umebadilika rangi, maua yanapukutika kutoka darini, unapigiwa wimbo wa harusi na sauti nyororo inakukaribisha kwenye toleo jipya. Mjane mmoja wa mtaa wetu aliamshwa na vigelegele vya namna hiyo msiba ukiwa bado mbichi, wageni wamelala ukumbini, na wakwe zake wakasema ameviwasha mwenyewe. Toka siku hiyo ikawa desturi: nyumba yenye eda haisasishwi, kama mjane asivyovaa dhahabu wala kujitia manukato mpaka miezi minne na siku kumi ziishe.

Kampuni ile ilishakufa. Kazi imechukuliwa na ushirika wetu wa mtandao, na masasisho yetu hayana wimbo wala ua. Sheikh wa msikiti wetu amesema mara kadhaa kwenye mawaidha kwamba haijui aya inayomkataza mjane kuziba tundu la nyumba yake. Watu wakamsikiliza, wakatikisa vichwa, wakarudi majumbani kufanya walivyozoea.

Kingekuwa kivinjari cha nyumba nyingine ningekwenda zangu kula. Lakini mjane mwenyewe ni Mwanaheri, dada yangu wa tumbo moja, tunayemwita Heri, na moyo wake unaendeshwa na kivinjari kile. Chini ya mfupa wa bega lake la kushoto kuna kidhibiti alichopandikizwa alipokuwa msichana. Kidhibiti kinasoma mapigo na kuyapeleka kwenye kivinjari cha nyumba. Kivinjari nacho kinakirudishia maelekezo: amepanda ngazi, kaza, amelala, legeza. Katika nyumba zetu kila kitu ni ukurasa. Mlango ni ukurasa, bomba la maji ni ukurasa, jiko ni ukurasa. Moyo wa dada yangu nao ni ukurasa.

*

"Haiwezekani," Bwana Kalembo alisema, bila kuinua macho kwenye mashine iliyokuwa imefumuliwa mezani kwake.

Kalembo ni mwenyekiti wa ushirika. Ni mtu mpole, mpole kiasi cha kutia hasira. Nilikuwa nimemwomba anipe idhini ya kuisasisha nyumba ile kutoka hapa hapa karakanani, Siwema apende asipende.

"Tundu lenyewe umelielewa lakini?" nilimwuliza.

"Nieleze tena."

Nikamweleza tena. Kila ukurasa unaofunguliwa hupewa chumba chake ndani ya kumbukumbu ya mashine, na hauruhusiwi kutoka humo. Sasa kuna picha fulani zinazokuja zikidai ni ndogo. Toleo la zamani linaziamini, linazipa chumba kidogo, kisha picha inafurika, inapita ukutani, inaingia chumba cha pili ambamo amri za mashine zinakaa. Hapo mwenye picha anakuwa mwenye nyumba. Toleo jipya linaipima picha kwanza, ndipo linaipa chumba. Tofauti yote ni hiyo, na watu wanaikataa kana kwamba nimewaletea sumu.

"Na nyumba za msiba ndizo wezi wanazozilenga," niliendelea. "Kivinjari kikiwa katika hali ya msiba kinafungua kila rambirambi bila kumwuliza mtu."

Hilo nalo ni letu. Kwetu kuacha rambirambi ya mtu bila kuifungua ni dharau kubwa, kwa hiyo wazee walidai vivinjari vifungue zote vyenyewe, mfiwa asije akalaumiwa kwa sababu alikuwa analia. Wezi wakaona mlango uliowekwa wazi kwa heshima. Katika wilaya ya jirani walimrubuni mzee mmoja mpaka akatamka kukubali, wakakishika mateka kidhibiti chake, wakakilegeza na kukikaza siku nzima huku wanawapigia simu watoto wake. Mzee yule alizikwa siku iliyofuata.

Kalembo aliweka bisibisi chini. "Somoe, kanuni unaijua. Mwenye nyumba atamke kwa mdomo wake kwamba amekubali. Bila hivyo hatugusi nyumba ya mtu."

"Na akifa?"

"Akifa tutakwenda kumzika, na tutakuwa hatukuvunja nyumba yake." Alinitazama, na sikupenda ile huruma iliyokuwa machoni mwake. "Kanuni hii umeipigania wewe. Mimi nilikuwa nataka tuwe tunaingia tu."

Ni kweli. Kampuni ile ilikuwa inaingia majumbani bila hodi, inabadilisha hiki, inaondoa kile, na mimi ndiye niliyesimama mkutanoni mpaka koo likakauka nikisema nyumba ya mtu ni ya mtu. Sikuwa na hamu ya kukumbushwa.

"Basi nitakwenda kumwomba atamke," nilisema.

*

Nilikwenda na bakuli la ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini anayoipenda Heri tangu utotoni, na bila begi. Siwema alinipekua kwa macho toka kichwani mpaka miguuni.

"Simu nayo acha nje."

"Ni dada yangu, si mfungwa wako."

"Ni mjane wa kaka yangu. Yuko mikononi mwangu mpaka eda iishe, na likitokea la kutokea watu watasema Siwema, hawatasema Somoe. Acha simu."

Niliiacha. Hilo la kwamba watu watasema Siwema lilikuwa kweli, na ukweli wake ulinikera zaidi kuliko ukali wake.

Heri alikuwa chumbani amekaa kitandani, amejifunga kitenge cheupe, amepungua uso lakini hakuwa na ile sura ya msiba niliyoitarajia. Alikula ming'oko kwa hamu. Siwema alikaa kwenye kigoda mlangoni kama askari wa zamu, mpaka adhana ya alasiri ilipomwinua akaenda kuswali chumba cha pili. Nilikuwa nimefungua kinywa nianze kusema yangu, ukuta ukanitangulia.

"Heri, leo umekula vizuri. Jana ulinitia wasiwasi."

Ilikuwa sauti ya shemeji yangu Mfaume, aliyezikwa mbele ya macho yangu.

Najua kivinjari kinahifadhi sauti za watu wa nyumba. Kila nyumba ya msiba inazo, na Mfaume aliacha zake: "Heri, maji yamechemka." "Heri, nani anagonga?" "Heri, taa." Mwanamume yule alikuwa akitumia maneno kama mtu anayenunua kwa rejareja. Lakini sentensi niliyoisikia hakuwahi kuisema, na isingewezekana aiseme, maana Mfaume niliyemjua hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani kwamba amemtia wasiwasi.

"Tangu lini?" nilinong'ona.

"Tangu ilipokuja rambirambi moja yenye picha ya mikono inayoomba dua. Ilitoka kwa mtu aliyejiandika rafiki yake wa kazini." Heri alijifuta vidole taratibu. "Zaidi ya mwezi sasa."

"Dada, huyo si Mfaume."

"Najua."

Alilisema kwa utulivu. Nilikuwa nimejiandaa kumfungua macho mjane aliyedanganywa, kumbe macho yalikuwa wazi muda wote.

"Unajua, na unamwacha?"

"Mfaume alikuwa hanisemeshi, Somoe. Wewe unaijua ndoa yangu kwa sherehe na misiba tu. Miaka yote ile tulikaa kama abiria wawili wanaosubiri basi stendi. Sikumchukia, wala hakunipiga, lakini hakuwahi kuniuliza nimelalaje." Akaelekeza kidevu ukutani. "Huyu ananiuliza. Ni mwizi, sawa. Lakini ni mwizi anayeniuliza nimelalaje. Wewe umefika leo, umekaa, na la kwanza ulilofungulia kinywa ni nini?"

La kwanza lilikuwa ni sasisho.

"Anataka nini?" niliuliza.

"Moyo. Anataka niseme nakubali, ili kidhibiti kimtii yeye. Kidhibiti kinamtaka mwenyewe atamke, si ndivyo? Basi kila siku baada ya alasiri ananiomba. Anasema kimechoka, nimwachie yeye akiangalie. Mimi namwambia kesho."

"Heri."

"Usiniite hivyo kama mtu anayeita mtoto kutoka kisimani. Siku nikisema ndiyo atakuwa hana haja ya kuongea na mimi tena, hilo naliona vizuri. Kwa hiyo namwambia kesho, naye anasubiri, na kesho yake anakuja na maneno mengine mazuri. Ni mchezo. Ninaucheza mimi."

"Na siku ukiwa na homa? Siku umeamka umechoka na kila kitu, likakuponyoka?"

"Litakuwa limetoka kinywani mwangu."

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya mzee wa wilaya ya jirani na jinsi wanawe walivyokuwa wanausikiliza moyo wa baba yao kwenye simu. Nilimwambia siwezi kuzinakili sauti za Mfaume wa kweli kwanza, maana mwizi ameshajisokota humo humo, ukichukua zile unamchukua na yeye. Ukuta ukisasishwa utakuwa kimya, nilikiri hilo. Kisha nikamwomba. Mimi si mtu wa kuomba, na nilimwomba dada yangu nikiwa nimepiga magoti juu ya mkeka, nimemshika mikono, machozi yananitoka kwa hofu na kwa hasira pamoja.

"Neno moja tu, dada. Sema nikusasishe."

"Hapana," alisema. "Na sikiliza vizuri, usije kusema baadaye hukusikia. Hapana."

"Heri," ukuta ukaita kwa upole. "Mgeni wako ni fundi, eti? Mafundi wana haraka. Usimwache akuchoshe."

Siwema aliingia wakati huo huo, bado na ushungi wa swala, na sentensi ile akaikuta inaisha. Akanitazama kwa ushindi. "Umesikia? Hata marehemu hakutaki na tundu lako."

*

Usingizi niliupata kwa shida, lakini sitasimulia hayo. Watu wote wanaotenda jambo hudai walikesha kwanza.

Mchana uliofuata nilimsubiri Kalembo aende kula, nikafunga mlango wa karakana kwa komeo. Kuisasisha nyumba ile kwa njia halali kulihitaji neno la Heri. Kuisasisha kwa njia nyingine kulihitaji picha. Nilitengeneza rambirambi kama wanavyozitengeneza wao, picha inayodai ni ndogo na siyo, ila ndani yake badala ya kitanzi niliweka toleo jipya zima na amri ya kulisimika nitakapobonyeza. Kwa juu niliweka ua jeupe na maneno "Pole, dada". Nikaandika jina langu. Sikutaka kujificha, au labda nilitaka niweze kujiambia kwamba sikujificha. Hata sasa sijui ni lipi kati ya hayo.

Jambo moja lilinitia baridi. Mashine ikijisasisha, kidhibiti hubaki peke yake bila maelekezo mpaka iamke. Kwenye mashine mpya ni muda wa kufumba na kufumbua macho. Mashine ya Heri ilikuwa kuukuu, na haijawahi kusasishwa ikiwa na mgeni ndani anayeng'ang'ania. Kama isingeamka, mwuaji wa dada yangu angekuwa mimi. Kidhibiti kile kilitengenezwa kiweze kusubiri, nilijikumbusha.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikaituma.

Kivinjari cha nyumba ya eda kiliifungua mara moja, kwa heshima zote. Picha ikafurika, ukuta ukapitika, nikawa ndani. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuingia nyumba ya mtu namna hiyo. Niliona kila kitu: mlango, maji, jiko, na ukurasa wa moyo ukipanda na kushuka kwa mstari wa kijani. Na pale kwenye hifadhi ya sauti nilimwona yeye, mwizi, amejitandaza juu ya vipande vya maneno ya Mfaume, anavikata na kuviunga upya. Kazi yake ilikuwa safi. Ilinichukiza kwamba ilikuwa safi.

Nikawasikia wanaongea.

"Ulilalaje, Heri? Jana ulilia baada ya mgeni kuondoka."

"Nimechoka," dada yangu alijibu.

"Umechoka na nini?"

"Na watu. Kila mmoja ana lake juu yangu. Siwema ana lake, mdogo wangu ana lake."

"Basi niachie mimi. Leo, Heri. Sema tu umekubali, upumzike."

Mstari wa kijani ulipanda kidogo. Nilimsikia dada yangu anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kusema, na neno lililokuwa linakuja nyuma yake lingeweza kuwa kesho kama siku zote, na lingeweza kuwa jingine. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Sikusubiri nilisikie. Nikabonyeza.

Nyumba ikazimika mbele yangu yote kwa mpigo, mlango, maji, jiko, moyo. Nilibaki natazama kioo cheusi karakanani, ninaongea peke yangu, nakiambia kidhibiti kisubiri, nakisihi kisubiri, kana kwamba chuma kile kina masikio. Mashine ikajaribu kuamka ikashindwa. Ikajaribu tena. Nilishaanza kuinuka nikimbilie kule kwa miguu wakati ukurasa wa mlango ulipowaka, ukafuatia wa maji, ukafuatia wa jiko. Mstari wa kijani ulikuja wa mwisho. Ulikuwa umetulia. Hifadhi ya sauti ilikuwa tupu, nami nikaweka kichwa mezani nikalia kwa furaha kama mtoto.

*

Furaha ile haikufika magharibi.

Siwema alikuja karakanani mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga pale, amevaa buibui lake la kutokea. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Kalembo alikuwa amesharudi, na mimi nilikuwa bado sijamwambia kitu.

"Nimekuja kukushukuru," Siwema alisema.

Katika maisha yangu sijawahi kupata jambo jema lililoanza kwa Siwema kunishukuru.

"Wanawake wa dua walikuwa wamejaa sebuleni. Leo ilikuwa zamu ya kumsomea marehemu. Taa zikazima, tukaanza kupiga kelele, zikawaka. Kisha ukuta ukatangaza." Alitabasamu. "Sauti kubwa, Kiswahili fasaha. Mgeni asiyejulikana ameondolewa katika nyumba hii. Alikuwa akizungumza na mwenye nyumba kila siku. Mazungumzo ya mwisho yamekatizwa."

Ushirika ulikubaliana zamani kwamba kila sasisho litangaze kwa sauti lilichokiondoa, kwa ajili ya wazee wasiosoma, wasije wakafichwa jambo katika nyumba zao. Naijua kazi hiyo ya kutangaza, nimeiandika kwa mkono wangu. Katika hofu yangu yote sikuikumbuka kuizima.

"Nilikuwa nadhani ni kaka yangu," Siwema aliendelea, na hapo tabasamu lilimponyoka, nikaona kwamba naye alikuwa amelia. "Nilikuwa nakaa nyuma ya ukuta nikimsikiliza. Kumbe ni mwanamume wa nje. Mjane ndani ya eda anaongea na mwanamume wa nje, kila alasiri, na anajua. Nimemwuliza mbele ya watu, hakukana. Ukoo wetu utajua la kufanya. Ungeniambia mapema ningekufungulia mlango siku ile ile."

"Alikuwa mwizi, dada Siwema. Alitaka kumwua."

"Na mke wa kaka akikaa na mwizi chumbani utamwitaje?" Alisimama, akatengeneza buibui. "Kuna nyumba mbili nyingine za eda mtaa wa pili. Wakwe zao wameniuliza kama unaweza kuzifanyia hivyo hivyo, bila kuwasumbua wajane wenyewe."

Alipotoka, Kalembo aliutazama mlango muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilimsubiri apige kelele. Aliniomba funguo za karakana, nikampa, akazitia mfukoni na kurudi kwenye bisibisi yake.

*

Nilikwenda mikono mitupu. Barazani kulikuwa na viatu vichache vya wanawake wa dua ambao hawakuona sababu ya kuondoka mapema, na sauti zao zilikatika niliponyanyua mguu kwenye ngazi. Mlango uliniangalia. Ulikuwa na sauti mpya, kavu, isiyo na ule upole.

"Somoe, dada wa mwenye nyumba. Ninauliza kama aruhusiwe."

"Niko hapa," alisema Heri. Alikuwa karibu sana, nadhani alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili wa ubao wa mlango.

"Uko salama?"

"Moyo unapiga."

"Nisamehe lile tangazo. Sikukusudia. Nilisahau, wallahi nilisahau."

"Tangazo ni la Siwema na watu wake. Nitapambana nao, si mara ya kwanza. Sizungumzii tangazo."

"Ningekuacha ufe, Heri? Nikae namsikiliza anakuomba, tundu nalijua, dawa ninayo mkononi, nikuache?"

"Ulikuja ukaniomba. Nikakwambia hapana. Nilikwambia mara mbili, ukiwa umenishika mikono. Ukaondoka, ukarudi kwa rambirambi." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ningetoa chochote ipande. "Yeye niliyemwambia kesho alikuwa anasubiri kesho, Somoe. Yule mwizi. Bado alikuwa anaomba."

Wanawake wa dua walikuwa wanasikiliza nyuma yake, na mimi nilikuwa na maneno mengi ya haki. Nilikuwa na mzee wa wilaya ya jirani, nilikuwa na pumzi ile niliyoisikia ikivutwa. Nilichagua swali lililokuwa linanila tangu alasiri.

"Ulikuwa unataka kumjibu nini?"

Nilisikia anainuka, nyayo zake zikaenda mbali taratibu, na mlango ukasema kwamba mwenye nyumba hapokei wageni.

Nilishuka mpaka barabarani, nikatoa simu nijue walau kama mapigo yametulia. Ukurasa wa moyo wa dada yangu nimekuwa nikiuona tangu siku alipopandikizwa kidhibiti. Mama yetu ndiye aliyeniwekea ruhusa, niwe namwangalia. Uliandika kwamba mwenyewe ameiondoa ruhusa yangu. Nikajaribu tena nikiwa nimesimama pale pale mbele ya nyumba, nikajaribu kwa njia za kifundi ninazozijua, moja baada ya nyingine. Haukufunguka. Tundu nilikuwa nimeliziba mwenyewe, na nilikuwa nimeliziba vizuri.